Asilimia 85 haijazi ndoo

Ukisikia mradi wa maji "umefika asilimia 85" usipige makofi kwanza, uliza asilimia 85 ya nini. Maana mi nimeingia kwenye vijiji ambavyo mradi umefika hiyo asilimia, tenki limesimama limepakwa rangi ya bluu, vituo vya kuchotea vimejengwa na koki zimefungwa, kibao kiko barabarani kina jina la mkandarasi na la msimamizi na la mfadhili, na kina mama bado wanaamka usiku kwenda kuchimba mchanga korongoni wapate ndoo moja ya maji ya udongo. Alafu ukifungua ripoti ya robo mwaka mradi uko vizuri tu, unasubiri "kazi ndogo ndogo za umaliziaji".

Hiyo asilimia inatoka kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote vya mradi na bei zake. Kila kitu kwenye mkataba kina bei yake, na kwenye mradi wa maji vijijini hela nyingi iko kwenye mabomba na tenki, sasa mkandarasi akishaleta mabomba yote saiti akayafukia na akamaliza tenki, kihesabu kazi karibu imeisha na kalipwa hivyo hivyo. Kinachobaki ni pampu, umeme wa TANESCO, kuvusha bomba chini ya barabara ambako unatakiwa kibali cha wenye barabara, TARURA au TANROADS, na mtu mmoja ambaye shamba lake limepitiwa na hajalipwa. Kwenye BOQ hivyo vitu ni vidogo, vingine havimo kabisa, ila bila hivyo hamna tone. Na mkandarasi yoyote mwenye akili zake anaanza na kile chenye hela na kisicho na ugomvi, simlaumu sana kwa hilo, mtu ana mkopo benki na riba inatembea, utamwambiaje aanze na kusubiri kibali?

Kazi yangu miaka ya karibuni ndo hiyo, natumwa kwenye miradi iliyokwama, ile ambayo wizarani wanaiita miradi chechefu, naikagua alafu naandika nini kifanyike ili maji yatoke. Watu wengi wananiuliza unaanzia wapi, hasa vijana waliomaliza juzi Chuo cha Maji wakapangiwa wilayani na siku ya kwanza wakakabidhiwa faili la mradi uliolala tangu wako sekondari. Leo nimeona niandike.

Kwanza kabisa, ukaguzi wa kumtafuta mwizi na ukaguzi wa kukwamua mradi ni kazi mbili tofauti, na ukizichanganya zote zinaharibika. Ule wa kwanza una wenyewe. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, yupo kwa ibara ya 143 ya Katiba, ripoti yake inafika kwa Rais mwisho wa Machi na mwezi wa nne inawasilishwa bungeni, TAKUKURU wa kupambana na rushwa wapo, na hata Mwenge wa Uhuru ukipita ukakuta mradi haueleweki unagoma kuuzindua na watu wanalala na viatu siku hiyo. Wote hao wanaangalia nyuma, hela ilienda wapi, nani alisaini. Mi natakiwa niangalie kilichopo ardhini leo na kinachohitajika kesho. Shida ni kwamba ukishuka kwenye gari na fulana ya wizara na faili mkononi, hamna anayejua tofauti hiyo. Wote wanajua umekuja kukamata. Fundi anapata msiba ghafla, injinia wa wilaya yuko semina, na mtunza stoo anakuonyesha daftari safi sana ambalo limeandikwa jana kwa kalamu moja.

Kuna mtunza stoo mmoja, mzee wa makamo, alinipa daftari la namna hiyo. Nikamwambia, "Mzee wangu, mi sijaja kuuliza nani kachukua. Nataka kujua tu leo hii humu ndani kuna nini."

"Hata kama kimepungua, injinia?"

"Hata kama kimepungua."

Akaniangalia weee, akafunga lile daftari. "Basi kaa hapo nikuletee lingine."

Lile lingine lilikuwa la shule, limekunjwa, lina madoa ya chai, na lilikuwa na kila kitu. Viungio vilivyotoka, vilivyorudi, valvu zilizopelekwa kijiji jirani "kwa kuazima", hadi tarehe. Bila lile daftari ningeagiza vitu ambavyo vipo na nisingeagiza ambavyo havipo. Sasa mtu ataniuliza, kwaiyo ukikuta wizi unafumba macho? Hapana, kinaandikwa, kwenye karatasi yake ya peke yake, kinaenda kwa wenye kazi hiyo. Ila hakikai kwenye ripoti ya kukwamua na hakijadiliwi kwenye kikao cha saiti, kwa sababu kikijadiliwa pale siku hiyo hamtapanga tena lini bomba linavushwa, mtabaki kurushiana tu.

Na hii sio yetu sisi tu. Marekani mwezi wa kumi 2013 walizindua tovuti yao ya bima ya afya, HealthCare.gov, siku ya kwanza nzima wakafanikiwa kujiandikisha watu sita. Sita, kwenye nchi ile! Waliotumwa kwenda kuiokoa wakaweka sheria kwenye vikao vyao kwamba chumba kile ni cha kutatua matatizo, ya kulaumiana yana sehemu zake nyingine. Na wakaamua pia anayeongea ni anayeijua shida, sio mwenye cheo kikubwa. Ndani ya wiki chache ikaanza kufanya kazi. Hilo la cheo mi nimejaribu kulifanya kwenye vikao vya wilaya na niseme tu bado tuna safari, fundi bomba hawezi kumkatiza mkuu wa idara hata kama mkuu anaongelea bomba ambalo halipo.

Haya, baada ya hapo, maji kwanza. Sio hela kwanza, sio mkataba kwanza. Chanzo kina maji kiasi gani? Utashangaa ni miradi mingapi ambayo hilo swali lilijibiwa vibaya mwanzoni alafu kila kilichofuata kikajengwa juu ya jibu hilo. Kisima kirefu kinatakiwa kisukumwe, yaani unaweka pampu ya majaribio unavuta maji kwa kiwango kimoja saa 24 mfululizo, unapima kina kimeshuka mita ngapi, alafu unazima unaangalia maji yanapanda kwa kasi gani kurudi. Hiyo ndo pampu testi. Ni kazi ya kuchosha, inakula dizeli, mtu lazima akae usiku kucha na tochi na kamba ya kupimia. Kwaiyo kinachotokea ni kwamba inafanyika saa chache tu, tena masika wakati kila kisima kinajisikia mto, alafu ile namba inaandikwa inapigwa muhuri na inakuwa kweli ya kiserikali.

Tupige hesabu ili ujue kwanini hili ni kubwa. Sera ya Maji ya 2002 ilisema mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kijiji cha watu 4,000 kinataka lita 100,000 kwa siku na vituo 16. Sasa karatasi ikisema kisima kinatoa lita 12,000 kwa saa, unasukuma masaa kumi, unapata 120,000, kila mtu anafurahi, mchoro unachorwa, tenki linajengwa. Rudia testi mwezi wa kumi kwa saa 24, ukikuta lita 3,000 kwa saa, masaa kumi yanakupa 30,000, hapo unahudumia watu 1,200. Na kama ni sola hayo masaa kumi yasahau, jua lenye nguvu ya kusukuma ni masaa sita hivi. Hamna mkandarasi duniani wa kumaliza mradi huo kama ulivyochorwa, hata umpe malaika. Umechorwa kwa ajili ya kisima kingine.

Hapo ndo unaelewa kwanini mkandarasi alipotea saiti bila kuaga. Alijua. Wachimbaji walijua, fundi pampu alijua, mlinzi wa kisima alijua maana aliona maji yanakatika baada ya saa mbili. Ila kwenye barua zote kwenye faili tatizo lilikuwa ni "ucheleweshaji wa malipo".

Na usisahau maabara. Huku kwetu kuanzia Arusha, Manyara kushuka Singida hadi Shinyanga kuna floridi kwenye maji ya ardhini, Arusha kule meno ya watu yanakusimulia yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nimeona mradi umekamilika kweli kweli, maji yanatoka mengi, na hayanyweki. Kipimo chenyewe ni cha bei ndogo ukilinganisha na bei ya bomba moja kubwa.

Baada ya maji ndo mabomba, na apa ushauri wangu ni mmoja, chimba. Chimba sehemu ulizochagua wewe sio wanazokuonyesha wao. Bomba zuri la plastiki limeandikwa ubavuni kila kitu, kipenyo, kampuni, na daraja la presha, PN6, PN10, PN16. Kila mita kumi za kimo cha maji ni kama baa moja ya presha, na ile namba ya PN ndo idadi ya baa, kwaiyo PN6 inabeba mita 60 na PN10 inabeba mita 100. Tenki likiwa kilimani mita 80 juu ya kijiji na ukachimba ukakuta PN6, basi umeshajua kwanini bomba lilipasuka kila walipojaribisha, na kwanini lilipasuka usiku. Mchana watu wanachota, maji yanatembea, presha inashuka. Usiku koki zote zimefungwa na ule uzito wote wa kilima unakaa kwenye bomba la chini. Wanakijiji walikuwa wanasema kuna mtu anakuja usiku kupasua, na kulikuwa na familia moja imeshaanza kunyooshewa vidole, mambo ya ajabu kabisa, kumbe ni fizikia ya sekondari.

Je, mkataba ulisema PN10? Ulisema. Hiyo inaenda kwenye ile karatasi nyingine niliyosema. Ila kwa kukwamua mradi hauhitaji kufukua kilomita zote uweke upya, unajenga katenki kadogo katikati ya mteremko kenye valvu ya boya, maji yanaingia pale yanapumua yanaanza safari upya, presha inagawanyika mara mbili, na zile PN6 zako zinafanya kazi. Saruji mifuko kadhaa na fundi wa wiki mbili. Mi napenda sana majibu ya hivi na wakubwa hawayapendi, sijui kwanini, labda kwa sababu hayana sherehe ya uzinduzi.

Makaratasi sasa. Haya nayapitia haraka maana kila mradi uliokwama una magonjwa yale yale, na njia rahisi ni kuchora mstari mmoja wa tarehe kwenye karatasi ndefu uweke kila kitu juu yake: mkataba ulisainiwa lini, malipo ya awali lini, hati ya madai ya kwanza, ile ambayo mkandarasi anaombea malipo ya kazi aliyofanya, ililetwa lini na ililipwa lini. Ukimaliza kuchora unaona mwenyewe. Unakuta muda wa mkataba uliisha na hakuna aliyeomba kuongezewa, yaani kisheria watu wako saiti kama wageni tu. Dhamana ya benki ya malipo ya awali imeisha muda wake na hela haijarudi yote. Hati za madai zimekaa ofisini zaidi ya muda uliosemwa kwenye mkataba kwaiyo mkandarasi anadai riba, na wakati huo huo serikali inamdai yeye faini ya kuchelewa, kila mmoja ana barua yake nene na wote wana haki nusu. Alafu msamaha wa VAT, ambao kwa miradi mingi lazima upite kwenye Gazeti la Serikali, unasubiriwa na pampu iko bandarini inakula gharama. Ukionyesha ule mstari mezani kelele zinapungua, maana kila mtu anaona na zamu yake ya kuchelewesha.

Watu wa kijiji nawaacha mwisho kwenye maandishi ila kiukweli ningeweza kuwaanza. Kwenye mradi mmoja barabara ya kupandisha vifaa kwenye tenki ilikuwa imefungwa kwa miba, faili linasema "wananchi wanakwamisha mradi". Wananchi wenyewe walikuwa mama mmoja mtu mzima. Nikaenda kwake, nikasalimia shikamoo, nikakaa, tukaongea mambo ya mvua kwanza. Akaniambia, "Mwanangu, mi sijazuia maji, nimezuia gari. Lilipita kwenye mtama wangu ukiwa unakomaa, wakaniambia watarudi kunilipa. Sasa wewe ndo umerudi au ni mwingine?" Hela aliyokuwa anadai ilikuwa ndogo kuliko posho za kikao kimoja cha wilaya cha kujadili kwanini mradi umekwama. Kijiji kililipa, muhtasari ukaandikwa, miba ikaondoka jioni ile ile. Na hakuna aliyewahi kwenda kumuuliza kabla, barua zote zilikuwa za watu wanaoandikiana wao kwa wao kumhusu yeye.

Ukishajua maji ni kiasi gani, bomba linabeba nini, makaratasi yamesimama wapi na nani ana kinyongo, ndo inakuja kazi ngumu kuliko zote, kukata. Mradi kama ulivyochorwa haupo tena, kubali. Swali linakuwa, kwa kilichopo leo, ni wapi maji yanaweza kutoka mapema zaidi? Kwa zile lita 30,000 za kwenye mfano wangu unapata vitongoji vya chini vilivyo karibu na tenki, vituo vitano hivi, na vile vya juu vinasubiri kisima cha pili. Kitaalamu ni rahisi. Kwenda kuisema hiyo kwenye mkutano wa hadhara ndo shughuli, kwa sababu kila kitongoji kimeahidiwa, na wote walichimba mtaro kwa mikono yao.

Diwani mmoja alinivuta pembeni akaniambia, "Injinia, we kesho unapanda gari unaondoka, mi nabaki na hawa watu." Na ana haki. Kwaiyo siku hizi sikubali kuondoka bila vitu viwili, hela ya utafiti wa kisima cha pili iwe imetengwa kwa maandishi kabla ya koki ya kwanza kufunguliwa, na mwenyekiti wa kitongoji kinachosubiri awe ndani ya kamati inayosimamia, aone mwenyewe kila karatasi. Maana vya chini vikishapata maji wilayani wanahesabu kijiji kimepata maji, na wale wa juu wanasahaulika miaka. Hii nchi ilipanga mwaka 1971 kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji ndani ya mita 400, tunajua wenyewe wangapi bado wanahesabu hizo mita.

Swali jingine ninaloulizwa sana ni kumfukuza mkandarasi. Watu wanapenda, kikao kizima kinachangamka mtu akisema "tuvunje mkataba". Wakati mwingine ni lazima. Mradi wa Same-Mwanga-Korogwe, ule wa kutoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza 2014, ukakwama, mikataba ya wakandarasi ikavunjwa, kazi ikaja kumaliziwa na taasisi zetu wenyewe, na Rais Samia akauzindua Machi 2025. Watu wa Mwanga wamesubiri zaidi ya miaka kumi na maji wamepata. Ila angalia hiyo miaka. Kuvunja mkataba sio siku moja, kuna notisi, kuna kupima kazi iliyofanyika kwa pamoja, kuna kugombania vifaa vilivyoko saiti, kuna usuluhishi, kuna kesi, alafu unatangaza zabuni upya au unafanya kwa mafundi wako. Kwa mradi mdogo wa kijiji mi huwa napiga hesabu hivi: kilichobaki ni cha muda gani, na kuvunja kunachukua muda gani? Kama kilichobaki ni pampu na katenki ka kupunguza presha, mkalishe mkandarasi chini, mlipe hati yake iliyothibitishwa, mpe tarehe, na kile kipande chenye mgogoro kiondoe kwenye mkataba kifanywe na wilaya. Ukimkuta kweli hana mtaji na hana fundi hata mmoja saiti, hapo vunja, na vunja mapema, sio baada ya barua ya onyo ya saba.

Ripoti yenyewe ninayoandika siku hizi haizidi kurasa chache. Jedwali moja, kitu, hali yake leo, kinachokosekana, nani anakileta, shilingi ngapi, tarehe gani. Hamna utangulizi wa jiografia ya wilaya na idadi ya ng'ombe. Na safu ya asilimia nimeifuta, badala yake kuna safu ya vituo vinavyotoa maji. Mkoani walilalamika kwamba mfumo wao unataka asilimia, nikawaambia wagawe wenyewe.

Kile kijiji cha mtunza stoo kwa sasa vitongoji vya chini wanachota, na kwa juu wapimaji wameshapita na mitambo yao ya kutafuta maji ardhini, wameweka alama sehemu mbili, tunasubiri mtambo wa kuchimba. Jumuiya ya watumia maji nayo imeanza ugomvi wake mpya, wengine wanataka ndoo iwe shilingi 30 na wengine 50, mweka hazina anasema kwa 30 hawawezi hata kumlipa mlinzi achilia mbali kununua pampu hii ikifa, na juzi wamenipigia simu nikawaamulie. Nimekataa. Nimewatumia tu hesabu ya pampu mpya na makadirio ya miaka itakayodumu, wagawe kwa ndoo.